Daftari la Wiki: Rozimari Kwenye Nchi ya Nyama

Jumatatu

Ukitaka kugombana na mchoma nyama wa Tarime, mwambie nyama yake inahitaji viungo. Huku nyama ni chumvi na moto wa mkaa, ndimu ikipatikana, pilipili na kachumbari pembeni, basi. Msimamo huo nauheshimu. Ng'ombe aliyelishwa kwenye vilima vya Ukurya ana ladha yake, na anayemzamisha kwenye unga wa pakiti mara nyingi anaficha nyama iliyolala.

Ndiyo maana nilisimama nilipomkuta mchomaji mmoja wa Tarime mjini akichovya kishada cha rozimari kwenye bakuli la maji ya chumvi na kupangusia mbavu za mbuzi. Nikamuuliza ladha yake imebadilikaje. "Brashi ya plastiki inayeyuka, kaka. Hii haiyeyuki," akajibu, akaendelea na kazi. Rozimari yenyewe anaichuma kwenye ua wa jirani, ambako ilipandwa kwa urembo na mwenye nyumba hajui kama inaliwa.

Nikaonja. Harufu ilikuwepo, kwa mbali, kwenye mafuta ya juu tu, na chini yake mbuzi alibaki mbuzi. Kama kuna njia ya kuingiza majani haya kwenye nyama ya Tarime bila kuleta vita, nadhani ni hii.

Kuna faida nyingine ambayo yule ndugu haijui. Nyama ikikaa kwenye moto mkali hadi ikaungua, ndani yake huzaliwa kemikali ambazo wataalamu wa saratani wamezitilia shaka kwa miaka mingi. Mwaka 2010 watafiti wa Kansas State University, Marekani, walichapisha matokeo ya kuchanganya dondoo la rozimari kwenye nyama ya ng'ombe ya kusaga kabla ya kuikaanga, na kiasi cha kemikali hizo kilishuka sana. Dondoo si kishada, na ile ilikuwa nyama ya kusaga, si mbavu. Hata hivyo sababu ni ileile: jani la rozimari limejaa vitu vinavyozuia mafuta yasiharibike, na Umoja wa Ulaya unaruhusu dondoo hilo kutumika kwenye vyakula vya viwandani kwa namba E392.

Jumanne

Wageni husema Wakurya hawana majani ya kukolezea chakula. Wanaosema hivyo hawajala kichuri.

Kwa asiyeijua: mbuzi au ng'ombe akishachinjwa, ile rojo ya kijani iliyomo tumboni na kwenye utumbo, yaani majani aliyokula yakaanza kusagika, hukamuliwa na kuchujwa, kisha huchemshwa, wengine pamoja na nyama za ndani. Hutiwa chumvi. Inatoka mchuzi mchungu, wa kijani iliyoiva, ambao anayeuzoea huutafuta na asiyeuzoea huusogeza pembeni kwa heshima. Ugali wa muhogo na mtama ukichovywa humo, mazungumzo mezani hupungua.

Sasa fikiria kilichomo. Mbuzi wa Serengeti huzunguka siku nzima akichagua: ncha ya kichaka hiki, ganda la mti ule, jani chungu ambalo binadamu hawezi kulitafuna. Jioni anarudi na mkusanyiko ambao hakuna mpishi angeweza kuuchuma. Kwa maana hiyo bustani ya majani ya jikoni ipo Ukurya tangu zamani, ila ina miguu minne. Wapishi wanaojua kazi hukwambia kichuri cha kiangazi si sawa na cha masika, na sioni sababu ya kuwabishia, maana malisho yenyewe si yaleyale.

Wala hatuko peke yetu duniani. Laos na kaskazini mashariki mwa Thailand wana mchuzi wa nyama unaotiwa rojo ya utumbo wa ng'ombe, nao huutia mchaichai na majani mengine yenye harufu. Huko Ilocos, Ufilipino, supu yao chungu ya mbuzi hupikwa na nyongo pamoja na tangawizi. Watu wa mbali kiasi hicho, wasiojuana nasi, wamefikia uchungu uleule, kisha wakaongeza harufu juu yake.

Hapo ndipo ninapopataka. Mchaichai unaota Tarime bila kubembelezwa, na watu wanaujua kwenye chai tu. Bua moja likipondwa na kuchemshwa ndani ya kichuri, halafu likatolewa kabla ya kupakua, linaacha uchungu ulivyo na kuondoa ule uzito wa harufu unaowakimbiza wageni. Nimependekeza hili mbele ya wazee. Mmoja alisema ni sawa ilimradi lisiitwe kichuri. Mwingine alitaka kujua kama nimeshakula.

Rozimari kwenye kichuri? Hapana. Ina uchungu wake na harufu ya dawa ya kikohozi ukiizidisha. Viwili hivyo havikai sufuria moja.

Jumatano

Mambo ya udongo, maana maswali ni mengi.

Usinunue mbegu za rozimari. Huota kwa shida, polepole, na nyingi haziamki kabisa. Tafuta mwenye mmea, umwombe vikonyo vya urefu wa kiganja, vile vya kijani visivyokuwa miti bado. Ondoa majani ya chini, choma kikonyo kwenye mchanganyiko wa udongo na mchanga mwingi, weka kivulini, mwagilia kwa mkono wa bahili. Baada ya wiki nne hadi sita kivute kidogo. Kikikataa kung'oka, kimeshika.

Rozimari ni mmea wa mwambao wa bahari ya Mediterania, wa miteremko ya mawe na jua kali. Inastahimili kiu kuliko inavyostahimili mapenzi. Tarime iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ina baridi ya asubuhi na jua la kutosha, vitu inavyovipenda. Kinachoisumbua ni mvua, ambayo huku hunyesha misimu miwili kwa mwaka na haina mzaha. Kwa hiyo ipande kwenye tuta, kwenye mteremko, au kwenye ndoo ya rangi iliyotobolewa chini. Wenzetu wa Serengeti wenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaonata kwenye viatu masika na kupasuka nyufa kiangazi, wasijaribu kuipanda ardhini kabisa. Itaoza mizizi huku majani yakionekana mazima, na ukija kugundua imeshakufa siku nyingi.

Giligilani ni kinyume chake. Anataka maji, anataka mbolea ya samadi iliyooza vizuri, na jua likizidi anakimbilia kutoa maua. Kile unachokiita mbegu yake ni mbili zilizoshikana, hivyo zisage kidogo kwa chupa zigawanyike, loweka usiku kucha, mwaga kwenye mfereji. Mwaga nyingine kila baada ya wiki mbili au tatu. Anayemwaga zote siku moja atakula giligilani kwa juma moja, kisha atarudi sokoni.

Mnanaa mfunge ndani ya ndoo. Ukiuachia ardhi utaichukua.

Alhamisi

Mugumu. Kila ninapokaa huku wakulima wananieleza ndoto moja: hoteli za kitalii. Hesabu yake inavutia. Ndani ya Hifadhi ya Serengeti na pembeni yake kuna hoteli na kambi nyingi, wapishi wake wanataka rozimari, mrehani, mnanaa na kadhalika kila siku, na malori yanayowaletea mboga mengi hutoka Arusha, yakapanda Ngorongoro na kushuka Naabi kwenye barabara inayotikisa hata mabati. Jani la mrehani halivumilii safari hiyo. Mkulima wa Mugumu yuko karibu na lango la Fort Ikoma. Kwa nini asiuze yeye?

Auze. Ila kwanza atazame kalenda. Nyumbu wako kaskazini mwa hifadhi, kwenye mto Mara, takriban kati ya Julai na Oktoba, na wageni huwafuata. Hiyo ni kiangazi, maji ya bustani ni ya kubeba. Mvua kubwa za Aprili na Mei zinapofanya kila jani linenepe, wageni wamepungua na baadhi ya kambi zimefungwa. Mkulima ana majani mengi wakati mnunuzi hayupo, na mnunuzi yupo wakati majani ni machache. Mpishi wa hoteli naye hataki kusikia habari ya mvua, anataka kilo zilezile, urefu uleule, Jumanne na Ijumaa. Mtu mmoja mwenye matuta machache hawezi. Kikundi chenye tangi la maji na ratiba ya kupanda kinaweza.

Halafu kuna mwaka 2020. Corona ilipofunga safari za ndege, wageni waliyeyuka kwa miezi. Aliyekuwa na nyanya, vitunguu na giligilani alishusha bei akauza soko la Mugumu. Aliyekuwa na majani ambayo jirani zake hawayali angemuuzia nani?

Ushauri wangu, na najua si wa kumfurahisha ofisa kilimo mwenye malengo ya kuandika, ni kwamba panda kwanza unachokila. Shina moja au mawili ya rozimari yanatosha nyumba nzima na majirani. Jani likizoeleka mezani kwa watu wa Mugumu wenyewe, hoteli itakuwa mteja wa pili, na siku akiondoka hutalala njaa.

Ijumaa

Wateja wakubwa wa rozimari hapa Tarime mjini si wapishi, ni saluni. Majani yanachemshwa, maji yanatiwa kwenye chupa ya kupulizia, nywele zinapulizwa, na kila mtu ana dada yake aliyeota nywele hadi mgongoni. Utafiti unaotajwa sana ni wa Iran, wa mwaka 2015. Watu 100 wenye upara wa kurithi waligawanywa makundi mawili, wengine mafuta ya rozimari, wengine dawa ya minoxidil ya asilimia 2, na baada ya miezi sita makundi yote yalikuwa yameongeza nywele kidogo, bila tofauti kubwa. Yalikuwa mafuta, kwa miezi sita, kwa watu wenye upara. Maji ya majani ni kitu kingine. Lakini saluni inanuka vizuri.

Jumamosi

Vijiji vya mpakani mwa hifadhi vina swali ambalo vitabu vya bustani havina: tembo. Mahindi yakikomaa wanakuja usiku, na familia inabaki na mabua. Silaha inayojulikana ni pilipili. Pilipili kali iliyosagwa, ikachanganywa na oili chafu na kupakwa kwenye kamba na vitambaa kuzunguka shamba, au ikachanganywa na kinyesi cha ng'ombe na kuchomwa ili moshi uende na upepo. Pua ya tembo ni hodari mno, na ndiyo inayomponza. Haifanyi kazi kila usiku, mvua huisafisha kamba, na dume aliyezoea hushika njia nyingine. Anayetegemea pilipili peke yake bila kukesha atajuta. Hata hivyo ndicho kiungo pekee cha jikoni ninachokijua ambacho kinalinda pia ghala.

Mizinga ya nyuki nayo hutundikwa kwenye uzio kwa kazi hiyohiyo, njia iliyofanyiwa majaribio ya muda mrefu Kenya. Nyuki wanahitaji maua karibu, na rozimari na mrehani ulioachwa utoe maua huwaita kwa fujo.

Kwenye bustani ndogo ya uani, adui wala si tembo. Ni kuku. Atafukua kikonyo ulichopanda asubuhi, atalala kwenye shimo lake mchana, na jioni mwenye nyumba atamlaumu mbuzi. Weka miiba kuzunguka.

Jumapili

Nimepika maharage na rozimari. Kishada kimoja kidogo kwa sufuria ya familia, kimeingia pamoja na kitunguu tangu mwanzo, kimetolewa maharage yalipoiva. Waitaliano hufanya hivyo na wana haki. Jani hili ni gumu, mafuta yake hutoka taratibu, moto mrefu ndio unaolifaa. Viazi vya kuoka, kuku wa kienyeji wa supu, mguu wa mbuzi: humo ndimo mwake. Kwenye dagaa wa Musoma linaharibu. Dagaa wape ndimu na giligilani, na sato mpe mrehani uliokatwakatwa dakika ya mwisho. Giligilani akichemka sana harufu inaondoka na mvuke, unabaki na nyuzi za kijani, basi mtie sufuria ikishateremka.

Msomaji wa Sirari anauliza afanye nini na mrozimari uliokua hadi kifuani na kuwa mti mtupu chini. Punguza ncha za kijani kidogokidogo baada ya mvua, usikate hadi kwenye mti mkavu kwa sababu huko hauchipui tena. Chukua vikonyo sasa, panda upya, na ule mzee ukishindwa ung'oe. Matawi yake makavu yachonge mishikaki.