Mwacheni kijana apate namba kwanza

NJE YA KUMI NA NANE
Na Rashidi Mnyanga

Siku kikosi cha Taifa Stars kinapotangazwa, mashabiki wengi hawasomi majina yaliyomo. Wanasoma yasiyomo. Yule wa Denmark mbona hayupo? Huyu wa Uturuki kaachwa kwa nini? Kufika jioni kesi imeshahukumiwa mitandaoni: ama kocha ana chuki binafsi, ama kijana amelewa Ulaya akasahau alikotoka. Kuna hoja ya tatu ambayo haipati wakili, kwamba pengine kuachwa kumemsaidia kijana kupigania namba klabuni kwake. Leo naisimamia mimi.

Tumfuate winga mmoja wa miaka 20 aliyeko klabu ya daraja la kati huko Ulaya. Simtaji, maana si mmoja. Namba hajapata; wiki hii anaingia dakika ya 70, wiki ijayo hachezi. Jumapili amesugua benchi. Jumatatu alfajiri yuko uwanja wa ndege, anaunganisha Istanbul au Doha, anatua Dar es Salaam Jumanne saa tisa usiku. Jumatano jioni anafanya mazoezi mepesi kwenye joto ambalo mwili wake umeshalisahau. Ijumaa mwalimu anamwingiza dakika ya 83, tumeshafungwa mbili, anagusa mpira mara nne. Jumanne kuna mechi ya pili, hainuki hata kupasha. Jumatano anapanda ndege kurudi. Ijumaa, miguu mizito, anaingia mazoezini na kukuta kocha ameshakaa siku kumi na winga mwenzake ambaye hakuitwa na taifa lolote. Amemfundisha jinsi ya kukaba kuanzia juu, amemzoesha kupokezana na beki wa kulia, na Jumapili ndiye anayeanza. Kijana wetu anatazamia jukwaani, amevaa koti.

Hakuna aliyemfanyia hila. Ndivyo kazi ilivyo. Ila huku nyumbani sisi tunaandika kwamba "ameshuka kiwango".

Na msidhani ni rahisi kwake kusema safari hii siji. Kanuni za FIFA zinailazimu klabu kumwachia mchezaji katika siku za kalenda ya kimataifa, mradi shirikisho lake limemwandikia siku 15 kabla ya kalenda kufunguliwa. Akiitwa asiende, klabu hairuhusiwi kumchezesha kwa kipindi chote hicho, na juu yake zinaongezwa siku tano. Akisema anaumwa, shirikisho lina haki ya kutaka apimwe na daktari wanayemchagua wao. Wito wa timu ya taifa si kadi ya harusi, kwamba usipofika utatuma mchango. Ukishatoka umetoka, na gharama yake anaibeba kijana. Ndiyo maana mzigo wa kufikiri namtwisha anayeita, simtwishi anayeitwa.

Barua ikichelewa ndiyo balaa zaidi. Klabu inapata haki ya kugoma, na anayebaki kubembeleza ni mchezaji mwenyewe. Anamfuata kocha ofisini, kwa lugha aliyoanza kujifunza juzi, kuomba ruhusa ambayo ilipaswa kuombwa na ofisi yenye katibu na mhuri. Kocha anamjibu "nenda", lakini kichwani ameshamwandika kuwa huyu ni mchezaji mwenye usumbufu.

Sasa niwapeleke Cameroon, kwa sababu sijaona kisa kinacholieleza jambo hili vizuri kuliko cha makipa wawili wa pale.

Desemba 2016 kocha Mbelgiji Hugo Broos alitaja kikosi cha awali cha wachezaji 35 kwa ajili ya AFCON ya Gabon. Wanane wakasema hawaji. Mmoja wao alikuwa Joel Matip wa Liverpool, ambaye kesi yake ilifika FIFA. Mwingine alikuwa kipa wa miaka 20 aitwaye André Onana. Onana alikuwa amepata namba Ajax miezi michache tu nyuma, baada ya Jasper Cillessen kuuzwa Barcelona. Kipa si winga. Winga akikosa mechi tatu anaweza kurudi kwa dakika ishirini ishirini. Kipa akitoka langoni mwezi mzima na aliyemshikia akacheza vizuri, anaweza kungoja mwaka. Onana akapiga hesabu yake, akabaki Amsterdam.

Langoni kwa Cameroon akakaa Fabrice Ondoa, binamu yake, aliyemzidi miezi michache. Wawili hao walipita akademi moja ya Samuel Eto'o, wakapita wote La Masia ya Barcelona. Ondoa wakati huo alikuwa na timu ya pili ya Sevilla. Akaenda Gabon. Robo fainali dhidi ya Senegal ikafika kwenye penalti, akapangua ya Sadio Mané, Vincent Aboubakar akamaliza kazi. Tarehe 5 Februari 2017 Cameroon wakaifunga Misri 2-1 kwenye fainali na kulinyanyua kombe, bila hata mmoja wa wale wanane. Yaounde ikakesha.

Miezi mitatu baadaye Onana alikuwa langoni Stockholm, fainali ya Europa League, Ajax wakifungwa 2-0 na Manchester United. Akafungwa, lakini alikuwa pale. Mwaka 2019 akacheza nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, na mwaka 2023 fainali yenyewe akiwa na Inter. Ondoa hakuwahi kufika klabu za ngazi hiyo.

Nani alikosea? Kwa maoni yangu hakuna. Ondoa ana medali ya dhahabu ya Afrika ambayo Onana hana, na hilo si jambo dogo kwa mtu yeyote aliyewahi kusimama kuimba wimbo wa taifa. Onana naye alijenga nyumba yake kwanza. Cameroon ilipomhitaji baadaye, ilipata kipa mkomavu kuliko yule kijana wa miaka 20.

Lakini kisa hakikuishia hapo, na sehemu yake ya pili siitetei. Januari 2024 Onana, sasa ana miaka 27 na yuko Manchester United, alitaka vyote kwa siku moja. Tarehe 14 akadaka dhidi ya Tottenham, wakatoka 2-2. Usiku uleule akapanda ndege binafsi kwenda Ivory Coast, ambako Cameroon ilikuwa inafungua dimba na Guinea kesho yake. Hakucheza mechi hiyo. Akacheza iliyofuata dhidi ya Senegal, wakafungwa 3-1, kisha akapigwa benchi. Aliyerudishwa langoni kumalizia mashindano? Fabrice Ondoa. Mtu wa miaka 27 mwenye namba ya uhakika klabuni hana cha kupoteza kwa kuwahi kambi wiki moja. Kijana wa miaka 20 anacho. Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka makocha wetu waipime kila wanapoandika majina, na ndiyo ambayo mashabiki hatuitaki, kwa kuwa kwetu kila aliyeko nje ni "pro" tu, awe nahodha au awe anabeba chupa za maji.

Mtaniambia Mbwana Samatta aliitwa, akaja, na bado akafika Ligi Kuu ya Uingereza. Kweli. Ila tazameni alivyokwenda. Samatta hakuruka kutoka Simba kwenda Ulaya. Alikaa Lubumbashi na TP Mazembe tangu 2011, akachukua Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015, akatunukiwa tuzo ya mchezaji bora anayecheza ndani ya Afrika, ndipo Januari 2016 akatua Genk akiwa na miaka 23. Alifika mtu mzima, namba akaipigania na mwili uliokwisha kukomaa. Alipokuja AFCON ya 2019 pale Misri na kufunga bao dhidi ya Kenya, alikuwa ametoka kutwaa ubingwa wa Ubelgiji. Nani Genk angethubutu kumnyang'anya nafasi kwa sababu ya safari? Vijana wa leo wanaondoka mara tu wanapofikisha miaka 18, umri ambao FIFA inaruhusu uhamisho wa kimataifa. Kelvin John alizaliwa 2003 na mwaka 2021 alikuwa tayari Genk. Huwezi kumpima kijana wa hivyo kwa kipimo cha Samatta wa 2019.

Wala si tatizo la nchi maskini tu. Mwaka 2025 Barcelona na shirikisho la Hispania walirushiana maneno juu ya Lamine Yamal. Septemba, kocha Hansi Flick alilalamika kwamba kijana alichezeshwa na timu ya taifa akiwa na maumivu, kwa dawa za kutuliza. Novemba, shirikisho nalo likashangaa kusikia ametibiwa nyonga na klabu siku ileile aliyotakiwa kuripoti kambini. Wale wana madaktari, wanasheria na ndege. Na kijana wao anaishi nchi hiyohiyo, havuki bahari. Hebu fikiria wa kwetu.

Kuna jambo jingine ambalo wanaolia uzalendo hawalitaji. Uingereza, tangu ijitoe Umoja wa Ulaya, inatoa vibali kwa wachezaji wa kigeni kwa pointi. Mchezaji wa nchi iliyo ndani ya 50 bora za FIFA anaweza kupita moja kwa moja akiwa amecheza vya kutosha timu ya taifa. Sisi tumezoea kuwa nje ya mia. Kijana wetu anayetaka kufika huko lazima azitafute pointi nyingi kwenye dakika za klabu na ngazi ya ligi anayocheza. Halafu zinazohesabiwa upande wa taifa ni mechi za mashindano. Za kirafiki hazimo. Tunamtoa klabuni siku kumi kwa mechi ambayo haimjengei chochote, kisha tunauliza mbona Watanzania hawaendi ligi kubwa.

Kuhusu wale wenye damu yetu waliochagua jezi nyingine, kama Yussuf Poulsen wa Denmark ambaye mgongoni huandika jina la baba yake wa Tanga, Yurary, nitasema kidogo tu. Kenya waliruhusu uraia pacha kwa Katiba ya 2010. Sisi sheria yetu bado inamtaka mtu mzima achague mmoja. Mwenye hasira na akina Poulsen aanzie bungeni Dodoma.

Na je, Stars itacheza na nani tukiwaacha vijana klabuni? Na hawahawa waliopo. Kwenye AFCON ya Morocco tulivuka makundi kwa mara ya kwanza katika historia yetu. Bao lililotupa sare na Tunisia na kutuvusha lilifungwa na Feisal Salum, mchezaji wa Azam, anayefanya mazoezi Chamazi. Hakusafiri kutoka Ulaya. Msuva, ambaye alitufungia bao dhidi ya Uganda, ni mkongwe anayejua njia zote za ndege. Timu haikuhitaji kijana wa kutalii benchi.

Ninachodai si kwamba vijana wasiitwe. Kocha awapigie simu makocha wa klabu, yeye mwenyewe, siyo meneja wa timu wala wakala, aulize: huyu yuko karibu na namba au la? Aliye karibu aachwe kwenye kirafiki, aitwe kwenye mechi za kufuzu. Aliyekosa dakika kabisa aitwe hata kwenye kirafiki, maana huyo hana cha kupoteza na pengine Stars ndiyo itakayomwonyesha. Watu wengi wanafikiri kinyume: wanataka anayeng'ara aje kila mara na asiyecheza asahauliwe. Na kocha akimwacha mtu, atangaze waziwazi kwamba amemwacha kwa makubaliano na klabu. Sentensi moja tu kwenye taarifa kwa vyombo vya habari ingemwokoa kijana na matusi ya wiki nzima.

AFCON 2027 inakuja kwetu, pamoja na Kenya na Uganda. Kelele za kutaka kila mwenye pasipoti ya Tanzania aliyeko nje ajazwe kikosini zitapanda kadiri siku zinavyosogea. Tutakachohitaji siku hiyo ni wachezaji waliocheza dakika elfu mbili kwenye ligi zao msimu mzima. Waliokusanya mihuri ya uhamiaji ya uwanja wa ndege wa Julius Nyerere hawatatusaidia kitu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kikosi kijacho kikitoka na jina la kijana wako halimo, kabla hujaandika neno mtandaoni tafuta kwanza alicheza dakika ngapi klabuni wikiendi iliyopita. Kama zinaongezeka, mwache kocha wa watu afanye kazi.