Mtu wa posta na nyota yake

Mhariri mmoja aliwahi kuitupa habari yangu ya kijana mwenye darubini. "Ana digrii gani huyu?" Nikanywea. Leo namjibu.

Wadau, Karl Ludwig Hencke alikuwa mtu wa posta, mji mdogo wa Driesen, Prussia. Kati ya Mirihi na Mshtarii zilijulikana asteroidi nne tu, ya mwisho ilionekana 1807, na wasomi wengi walishakata tamaa. Yeye miaka 15 analinganisha anga na ramani, usiku hata usiku (nyumbani sijui walisemaje!). Desemba 8, 1845 akaona kinukta kisichokuwamo ramanini: Astraea. Mwaka 1847 akaongeza Hebe. Wasomi ndipo wakarudi kwenye darubini zao.

Mhariri, ile habari bado ninayo.