NYUMBANI WIKI HII: Samaki wa Kioo Naye Ana Posho Yake

Katika nyumba moja ya Kyambogo, si mbali na Chuo Kikuu, limo sebuleni tangi la kioo lililonunuliwa pamoja na samaki sita aina ya diskasi. Ni samaki bapa, wa mviringo kama kisahani cha kikombe, wenye michirizi ya samawati juu ya rangi ya machungwa. Mwenye nyumba aliwanunua kwa fedha ambayo mkewe alikusudia kununulia mapazia. Kwa hiyo uhai wao ulikuwa jambo la heshima yake. Mwezi haukuisha, wawili wakafa. Wanne waliosalia waligeuka weusi, wakajibanza pembeni, na kinyesi chao kikawa cheupe mithili ya uzi.

Uchunguzi haukuchukua muda. Watoto walikuwa wakiwatupia makombo ya mkate na chapati kila walipopita. Baba naye, arudipo kazini, aliwapa moyo wa ng'ombe uliokatwakatwa, kwa kuwa alisikia kwamba ndicho chakula chao. Hapakuwa na mchoyo hata mmoja nyumbani humo, na hilo ndilo lililowaponza samaki.

Asili ya diskasi ni mto Amazoni, Amerika ya Kusini, walakini si mgeni kabisa kwa watu wa Ziwa Viktoria. Ni wa ukoo mmoja na ngege, na pia na nkejje, wale samaki wadogo ambao Waganda tangu zamani waliwakausha na kuwalisha watoto waliodhoofika. (Nkejje wenyewe walipata msiba wao: sangara alipopandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 aliwala hata aina nyingi zikatoweka.) Huko kwao diskasi hula mwani, mabaki ya mimea na wadudu wadogo wa majini, akidonoa kidogo kidogo. Tumbo lake halikuzoea donge la unga. Tena makombo yasiyoliwa huoza na kutoa amonia, sumu iunguzayo matamvua ya samaki, hata kama maji yaonekana safi kwa macho.

Moyo wa ng'ombe hautakiwi kulaumiwa kupita kiasi. Wafugaji wa Ulaya, Marekani na Asia wameutumia miaka mingi kuwakuza wachanga upesi, maana una protini nyingi. Lakini mafuta yake ni ya mnyama wa nchi kavu, na huchafua maji haraka. Autumiaye hana budi kuondoa mafuta na mishipa yote, kuutoa mara chache, na kubadili sehemu ya maji baada ya mlo.

Kwa mkaaji wa Kyambogo, vitu vilivyo bora zaidi hupatikana sokoni Nakawa. Achukue mnofu wa ngege usio na mwiba, auchemshe kidogo. Kwa kuwa ngege ni jamaa ya diskasi, si vyema kumpa mbichi, maana ugonjwa wa mmoja waweza kumpata mwingine. Aongeze uduvi, ambao ndio husaidia wekundu wa ngozi, njegere zilizopikwa na kumenywa, na majani machache ya dodo yaliyochovywa katika maji ya moto. Asitie chumvi wala mafuta ya kupikia. Vyote visagwe pamoja, vitandazwe vyembamba ndani ya mfuko wa nailoni, vigandishwe katika friji. Kila mlo humegwa kipande kidogo tu.

Mukene wakavu nao wafaa, iwapo walianikwa juu ya chanja. Wale walioanikwa chini huja na mchanga, na wakikaa sana mafuta yao huharibika. Pua ya mama wa nyumbani yatosha kuwa hakimu. Chembe za kulishia ngege wa mabwawani hazimfai, kwa kuwa zilitengenezwa kumnenepesha samaki wa kuuzwa.

Kuna wanaochota minyoo mifereji ya Kinawataka. Kinamasi kile hupokea maji machafu ya viwanda na ya majumba, na minyoo yake huleta maradhi pamoja nayo. Nyungunyungu wa bustani isiyopuliziwa dawa ni salama zaidi, wakioshwa na kukatwa. Ama viluwiluwi vya mbu, samaki huvipenda mno. Lakini mtu kuweka pipa la maji wazi ili avipate ni kumlisha samaki na kuwapa watoto malaria.

Mkubwa hupewa mara mbili au tatu kwa siku, wachanga hata mara tano, kiasi kinachokwisha kwa dakika tano hivi. Kinachobaki huondolewa kwa mpira mwembamba. Wale walioanguliwa juzi hawahitaji kulishwa kwanza: hudonoa ute wa ngozi ya baba na mama yao.

Liko jambo jingine ambalo wengi husahau. Diskasi hutaka maji ya nyuzi 28 hadi 30 za joto, ambapo usiku wa Kampala hushuka chini ya 20. Umeme ukikatika, maji hupoa na tumbo la samaki hulegea. Wakati huo asipewe kitu. Samaki mkubwa mwenye afya aweza kukaa siku kadhaa bila kula, na blanketi lililozungushiwa tangi litamfaa kuliko chakula.

Katika nyumba ile, samaki watatu wamerudia rangi yao. Wa nne angali mwembamba juu ya macho, ingawa ameanza kudonoa uduvi. Kijiko cha kulishia kimetundikwa juu, na ni binti mkubwa peke yake aruhusiwaye kukishika. Mapazia bado hayajanunuliwa.