Usilale na moto kitandani

JE, msomaji, jana usiku simu yako uliilaza wapi? Ikiwa ilikuwa chini ya mto huku chaja ikiwa kwenye soketi, basi ukurasa wetu leo unakuhusu.

Siku hizi ni vigumu kupata nyumba mjini isiyokuwa na betri za kuchaji. Zimo katika simu, taa za sola, kompyuta za kubeba na hata pikipiki za umeme. Nyingi ni betri za lithiamu, ambazo zilianza kuuzwa mwaka wa 1991. Ni ndogo lakini hubeba nguvu nyingi. Hapo ndipo penye faida yake, na ndipo penye hatari pia.

Ndani ya betri hiyo mna pande mbili zilizotenganishwa na utando mwembamba wa plastiki, pamoja na majimaji yanayoshika moto upesi. Betri ikiangushwa, ikipata joto jingi au ikichajiwa kwa chaja isiyofaa, utando huo unaweza kuharibika. Pande hizo zikigusana, joto hupanda ghafla na kuzaa joto zaidi. Ikifika hapo, hata ukichomoa chaja utakuwa umechelewa.

Mjini New York, Marekani, moto uliosababishwa na betri hizi, hasa za baiskeli na skuta za umeme, uliwaua watu 18 mwaka wa 2023. Sisi nasi wengi tunaishi katika nyumba za kupanga zenye mlango mmoja, na madirisha yamewekwa vyuma kwa kuhofia wezi. Betri ya pikipiki ikishika moto pale mlangoni, watoto watapitia wapi?

Kwa hivyo, jambo la kwanza ni mahali. Usichaji betri kubwa mlangoni, kwenye ngazi wala katika chumba cha kulala. Simu nayo iweke juu ya meza au sakafu ya saruji, mbali na blanketi, mapazia na karatasi. Nanyi wanafunzi mnaolala bwenini, kitanda si mahali pa kuchajia.

Pili, chaji mkiwa macho. Betri ikijaa, chomoa. Umeme ukirudi baada ya kupotea, msijaze ekstensheni moja kwa chaja za jamaa yote.

Tatu, tumia chaja iliyotengenezewa kifaa hicho. Ile ya bei rahisi ya kando ya barabara yaweza kukugharimu nyumba.

Nne, betri iliyofura, inayovuja au inayopata joto kupita kiasi usiichaji tena, usiitoboe wala usiitupe jaani pamoja na takataka nyingine. Iweke nje, mbali na vitu vinavyoungua, kisha uipeleke kwa wanaokusanya taka za vifaa vya umeme.

Je, moshi ukianza? Toa watu wote nje, funga mlango nyuma yenu, kisha upige 999 au 112. Moshi huo una sumu. Usirudi ndani kwa ajili ya simu. Simu hununuliwa, mtoto hanunuliwi.

Leo jioni, kabla ya kuzima taa, zunguka nyumbani uone ni nini kinachochajiwa na kiko wapi. Majuto ni mjukuu.

Tukutane Jumapili ijayo.