"Mama, hii soksi ni soksi gani?"

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya wimbo. Msishangae muuguzi kuacha habari za chanjo na uji wa lishe akashika habari za muziki. Wimbo wenyewe ni "Mambo kwa Soksi" wa marehemu Remmy Ongala, na huku kwetu Nachingwea na Ruangwa akina mama wanaubishania hadi leo, kwa kuwa vijana wameupata kwenye simu na wanaupiga majumbani mwetu.

Wakae akina mama wakipepeta ufuta, au wakisubiri zamu kliniki, utasikia maoni ya kila namna. Mmoja atasema, "Ule wimbo wa baa, wa walevi." Mwingine atamjibu, "Hapana shoga, yule mzee alikuwa anatuonya." Wa tatu atasimulia jinsi mwanawe wa darasa la sita alivyomwuliza, "Mama, hii soksi ni soksi gani?" naye akamwambia, "Ni soksi za mpira, hebu kachote maji." Hapo wote hucheka. Lakini swali la mtoto huyo ndilo kubwa kuliko ubishi wote, na halijajibiwa.

Kwanza tukumbushane. Remmy alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1947. Alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga muziki na Orchestra Makassy, kisha akavuma na Matimila. Watu walimwita Dokta Remmy, ingawa hakuwa tabibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 akaimba juu ya UKIMWI, na "soksi" aliyoitaja ni kondomu. Redio Tanzania haikukubali kuupiga wimbo huo, na siku zile redio za watu binafsi zilikuwa bado. Hata hivyo ulienea kwa kanda na madansini, na watu wakauimba.

Kwa nini uliwavutia hivyo? Mimi naona ni kwa sababu ulisema kwa neno la kuficha jambo ambalo kila mtu alikuwa na hofu nalo. Gonjwa hili tangu mwanzo limetembea na majina ya mafumbo. Kule Kagera, walikobainika wagonjwa wa kwanza nchini mwaka 1983, liliitwa "Juliana", jina la nguo iliyopendwa wakati ule. Baadaye tukasikia "ngoma", na "amekanyaga miwaya". Jirani zetu walikuwa na njia nyingine. Franco wa Kinshasa aliimba waziwazi juu ya ugonjwa huu mwaka 1987, akautaja kwa jina lake. Philly Lutaaya wa Uganda alijitokeza mwaka 1989 akasema mbele ya watu kwamba yeye mwenyewe anao, akatunga nyimbo juu yake, na mwaka huohuo akafariki. Remmy alichagua soksi.

Na sisi wanawake wa kusini tusijifanye wageni wa mafumbo. Wengi wetu tumechezwa unyago. Tunajua jinsi nyakanga anavyoweza kuimba juu ya kinu na mchi, wageni wakadhani anaimba habari za kutwanga, kumbe anamfundisha mwali mambo ya ndoa. Lakini unyago una jambo ambalo wimbo wa kwenye simu hauna. Mwali ana somo wake. Nyimbo zikiisha, somo hukaa naye na kumfumbulia: hili maana yake hili, na lile maana yake lile. Fumbo bila somo ni kelele tu. Mtoto aliyesikia "soksi" akaambiwa akachote maji atamtafuta somo mwingine, na huyo somo anaweza kuwa kijana wa bodaboda.

Tena fumbo la soksi, lisipofumbuliwa, linaweza kupoteza watu. Hebu tazameni. Soksi huvaliwa mbili. Kondomu huvaliwa moja tu, kwani zikivaliwa mbili pamoja husuguana na kuweza kupasuka. Soksi hufuliwa ikavaliwa tena. Kondomu hutumika mara moja, hufungwa na kutupwa mahali salama, mbali na watoto. Soksi hukaa sandukuni miaka na miaka. Kondomu ina tarehe ya mwisho wa matumizi iliyoandikwa kwenye pakiti, na huharibika ikiwekwa juani au ikikaa siku nyingi ndani ya pochi mfukoni. Soksi unaweza kuipaka mafuta ya nazi isiharibike. Kondomu ya mpira ikipakwa mafuta ya nazi au ya mgando hulegea na kupasuka. Na mchezaji anayetafuta soksi mechi ikiwa imefika katikati amekwisha kuchelewa. Haya yote ni mambo ya kumweleza kijana aliyebalehe kwa maneno ya wazi, bila kucheka na bila kugomba.

Najua yupo mama atakayesema, "Dada muuguzi, wewe ni mtu wa kanisani, mbona unafundisha kondomu? Si ndiyo kuwafungulia watoto mlango wa uasherati?" Swali hilo ni la haki, na wapo waliomwuliza hivyo Remmy mwenyewe, ambaye katika miaka yake ya mwisho, kabla ya kufariki mwaka 2010, aliacha muziki wa dansi akaimba nyimbo za Injili. Jibu langu ni hili. Kijana afundishwe kungoja, na wana ndoa wafundishwe uaminifu; hilo halibadiliki. Lakini kujua si ruhusa ya kutenda. Anayemfundisha mtoto kwamba mto una mamba hajamtuma akaoge. Na sisi tunaokaa wodini tumeona wake walioshika kiapo chao tangu siku ya harusi, na bado virusi vikawafikia. Uaminifu wako unakulinda kwa yale uyatendayo wewe. Safari za mwenzako hazimo mikononi mwako.

Hapa ndipo wimbo ule unapotugusa sisi wenye ndoa. Huku kwetu, fedha za korosho zikiingia mwishoni mwa mwaka, au za ufuta katikati ya mwaka, nyumba nyingi huwa na furaha na baadhi huwa na kilio. Baba anakwenda mjini kuchukua malipo siku moja, anarudi baada ya wiki. Mama anaona, ananyamaza, anaogopa kuambiwa ana wivu. Ndipo nasema wimbo unaweza kuwa mlango. Ukipigwa redioni au kwenye simu ya mtoto, na baba ametulia, mwambie, "Baba watoto, hivi wewe unauelewaje wimbo huu?" Umwache aseme kwanza. Si kesi wala mashtaka, ni mazungumzo. Kisha mwambie unataka mkapime pamoja.

Mkifika kituo cha afya, kumbukeni mambo matatu. La kwanza, majibu ya mke si majibu ya mume; yawezekana mmoja anavyo virusi na mwingine hana, kwa hiyo kila mmoja apimwe. La pili, kupatikana na virusi leo si sawa na siku zile Remmy alipoimba. Tangu mwaka 2004 serikali imetoa dawa za ARV bila malipo, na mtu anayezimeza kila siku hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya tendo la ndoa. La tatu, mama mjamzito mwenye virusi akianza dawa mapema na kuendelea nazo wakati wa kunyonyesha, uwezekano wa kumwambukiza mtoto hupungua mno. Kabla hamjawa na uhakika wa hali zenu, au kama mmoja anavyo virusi na kipimo bado hakijashuka, kondomu ina nafasi hata ndani ya ndoa, wala si aibu kwa mke kuitaja.

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Watoto wetu ni werevu, lakini jambo hili tusiwaachie walifumbue peke yao. Jioni hii, mwanao akiuliza soksi ni nini, weka ungo chini, mkalishe karibu nawe, umjibu.

Nawatakia afya njema. Tukutane mwezi ujao.