Mwenye gari, geji ya mafuta iliyokufa inakutia hasara

Wafanyabiashara wengi wa mazao hawatakubali lori lao litoke bila taa wala breki, lakini hawaoni tatizo likitembea na geji ya mafuta iliyokufa. Mshale umelala miezi sita, dereva anaweka mafuta kwa kukisia na tajiri ameridhika kwa kuwa gari linatembea. Kwa maoni yangu, huko ni kukwepa gharama ndogo na kuikaribisha kubwa.

Chukua mfano wa lori linalotoka Ilula, mkoani Iringa, na matenga ya nyanya kwenda Dar es Salaam. Mbele yake kuna mteremko wa Kitonga. Dizeli ikiisha pale, injini inazimika na usukani unakuwa mzito. Hata akisimama salama, kumimina dumu la lita 20 hakutoshi. Hewa imeshaingia kwenye mabomba na lazima itolewe. Aidha, pampu nyingi hulainishwa na dizeli yenyewe, hivyo zikizunguka kavu zinalika. Wakati huo nyanya ziko juani na bei ya sokoni haimsubiri mtu.

Hasara ya pili ni ya kuaminiana. Mafuta yakiisha upesi, tajiri anasema dereva ameyauza njiani. Dereva naye anajibu kuwa gari linakula. Nani mkweli? Hakuna mwenye ushahidi. Dereva mwaminifu anafukuzwa kazi kwa kudhaniwa tu, na mwizi anaendelea kunyonya tangi akijua kwamba mshale hautamsema.

Ubovu wenyewe mara nyingi ni mdogo. Ndani ya tangi kuna boya linaloelea, lenye mkono unaobadilisha ukinzani wa umeme kadiri mafuta yanavyopanda na kushuka. Geji iliyoko kwenye dashibodi inasoma mabadiliko hayo. Boya likitoboka linazama, mkono ukikwama mshale haubanduki, na njia ya ukinzani ikilika mshale unarukaruka. Waya ukikatika au ethi ikishika kutu, geji inadanganya hata kama boya ni zima.

Hivyo basi, usikubali fundi aanze kwa kukuuzia geji mpya. Mwambie aanze na fyuzi, kisha ethi na waya wa tangini. Baada ya hapo apime boya kwa mita ya umeme huku akilipandisha na kulishusha taratibu: namba zinapaswa kubadilika bila kukatika. Zikibadilika vizuri, boya ni zima na ubovu uko kwenye waya au geji. Kazi ya kufungua tangi ifanyike mahali penye hewa, betri ikiwa imechomolewa na bila sigara wala moto karibu, hasa kwa gari la petroli.

Wakati unasubiri matengenezo, tumia daftari. Jaza tangi mpaka juu, andika kilometa, na baada ya safari jaza tena mpaka pale pale. Gari likitembea kilometa 500 na kuingiza lita 100, limekula lita 1 kwa kila kilometa 5. Endelea na hesabu hiyo hata geji ikipona, kwa sababu geji nzima nayo hukisia tu. Mlimani mafuta huegemea upande mmoja na mshale huyumba.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye lori, trekta au daladala anayetaka kujua faida yake aanze na mshale ule mdogo. Akiutengeneza, ataona mafuta yake yanakokwenda, na dereva wake atakuwa na shahidi.