Kisu Kisitangulie Picha

Figo ikishaondolewa hairudi. Kwa hiyo uamuzi wa kuikata haufai kuachiwa hofu. Hata hivyo, hofu ndiyo hutawala pale mwananchi aliyepimwa tumbo kwa ultrasaundi anapoambiwa kuwa figo yake ina uvimbe.

Ukweli ni kwamba si kila uvimbe ni saratani. Kati ya uvimbe mdogo, usiozidi sentimita 4, unaoondolewa kwa upasuaji, takriban 1 katika kila 5 hubainika maabara kuwa haukuwa saratani. Maana yake wapo waliopasuliwa pasipo ulazima.

Hapo ndipo unapoonekana umuhimu wa mashine ya MRI, ambayo hupiga picha kwa nguvu ya sumaku na mawimbi ya redio, bila ya mionzi ya eksirei. Mashine hiyo hutofautisha maji, mafuta na nyama. Kifuko cha maji matupu hakihitaji kisu. Na uvimbe wenye mafuta ya kuonekana wazi, kwa kawaida, si saratani. Mwaka 1986 Dakta Morton Bosniak wa Marekani aliweka madaraja ya kupima hatari ya vifuko vya figo kwa picha za CT. Yaliporekebishwa mwaka 2019, MRI nayo ilipewa nafasi rasmi. Kwa uvimbe usio wa maji, wataalamu wa Dallas wamebuni alama, tangu 1 hadi 5, za kukadiria kama ni ile aina ya saratani ya figo inayotokea zaidi.

Wapo watakaosema kwamba hii ni anasa. Ni kweli MRI ni ghali, tena haiondoi kila shaka: uvimbe uitwao onkositoma, usio saratani, hufanana mno na saratani, na pengine hapana budi kuchukua kinyama kwa sindano. Lakini hatusemi kila mgonjwa apigwe MRI. Tunasema apigwe yule ambaye vipimo vingine vimemwacha katika shaka.

Aidha, picha haijisomi yenyewe. Hospitali inayonunua mashine bila ya kusomesha madaktari wa kuzifasiri picha zake ni sawa na kijiji kilichojenga maktaba kabla ya kufuta ujinga. Basi fedha za mashine na fedha za masomo zitengwe pamoja, ili kisu kiifuate picha, kisiitangulie.